Fundi, unaweza kufunga TikTok mu hii telefone?

Wiki haipiti bila mtu kuja kwa meza yangu hapa Goma, karibu na Birere, na lile swali. "Fundi, unaweza kufunga TikTok mu hii telefone? Juu ya mtoto." Mimi kazi yangu ni kubadilisha vioo na kuchomea mahali pa kuchajia, lakini tangu kuna ile vokali (ujumbe wa sauti) ilianza kuzunguka mu magrupe ya WhatsApp, ile ya baba mmoja wa sauti nzito anasema ati serikali zote za dunia zimekataza watoto mitandao, ati hata hapa kwetu mzazi mwenye mtoto wake atakutwa humo atalipa amande (faini), ati wanasayansi wamehakikisha ubongo wa mtoto unayeyuka, basi nimegeuka daktari wa watoto bila diploma. Juzi mama mmoja aliniuliza kama TikTok inaambukiza. Hakuwa anacheka.

Sasa nimeona bora niandike mara moja, mtu akiniuliza namutumia hii. Ni ndefu, vumilieni, ile vokali nayo ilikuwa dakika kumi na moja na mliisikiliza yote.

Tuanze na majina juu nusu ya ugomvi inatoka pale. Intaneti na Facebook si kitu kimoja. Intaneti ni barabara, sawa ile ya kutoka hapa kwenda Sake, inapitisha lori ya viazi, inapitisha motari, inapitisha na mwizi. Mtandao wa kijamii ni soko kando ya ile barabara, lakini soko ya ajabu kidogo, juu bidhaa inaletwa na wale wale wanaokuja kuchukua: wewe unaweka picha, mimi naangalia, naandika kitu chini yake, mwingine asiyenijua ananijibu, tunagombana. Facebook ilianza 2004, YouTube 2005, WhatsApp 2009, Instagram 2010, na TikTok ilichukua nguvu dunia nzima 2018 wakati ilimeza Musical.ly. Kwa hiyo mzazi wa miaka 40 hakukomaa na hivi vitu, hana mahali pa kukumbuka "mama alikuwa anafanyaje", na njo maana tunakuwa wakali bila kujua tunakuwa wakali juu ya nini.

Mu hiyo soko kuna aina mbili na mtu akizichanganya hatatoka. Kuna yenye vitu vinakuja toka kwa mtu mwenye ana namba yako, WhatsApp njo hiyo. Na kuna yenye mashine inakuchagulia cha kuangalia, TikTok, Reels za Facebook na Instagram, Shorts za YouTube. Ya kwanza inakuletea ubaya na sura ya shangazi yako. Ya pili inakuletea na sura ya mtu hujawahi kumuona na hutamuona.

Ile mashine ya kuchagua njo wanaita algoritimu. Neno lisikutishe. Wewe unamjua mama wa malewa, ule wa kuuza chakula, mwenye unakula kwake kila saa saba. Hakuulizi unapenda nini, anaangalia sahani ikirudi. Umemaliza sambaza (samaki wadogo) ukaacha sombe (majani ya muhogo), kesho sambaza zinaongezeka. Siku moja pilipili ilizidi ukalamba mpaka vidole, kesho pilipili inazidi tena. Hana ubaya na wewe, anataka tu urudi. Algoritimu ni ule mama, isipokuwa huyu anapakulia watu zaidi ya bilioni moja (TikTok wenyewe walitangaza hiyo hesabu 2021), hachoki, na hana habari kama umeshiba ama unaumwa tumbo. Kile anapima sana ni muda. Ulisimama sekunde ngapi kwa hii video, uliirudia, ulimtumia rafiki, uliiruka haraka? Laiki ni kidogo tu ndani ya ile hesabu. Kwa hiyo mtoto anaweza kukuambia "mimi sikupenda ile video" na hakudanganyi. Hakuipenda. Alishtuka, akasimama kuangalia, mashine ikaandika: huyu anataka zingine.

Na sasa tufike kwa kitu chenye mimi nakiona kila siku kwa meza na sijakisikia mu redio hata mara moja. Watoto wengi wa hapa wa miaka 7, 9, 11, hawana simu yao. Wanatumia ya mama. Jioni, wakati mama anasonga bugali ama anahesabu pesa ya soko, simu iko mu mikono ya mtoto. Konti ni ya mama, na mashine haina habari kama mkono umebadilika. Mama mmoja wa Ndosho aliniletea simu yake, nikamuomba ruhusa, tukafungua TikTok tukashusha pamoja moja moja: katuni, wanawake wanapigana mu harusi, katuni, mtu anafundisha kusuka nywele, maiti kando ya barabara, katuni. Mama akashika mdomo.

"Ile ya maiti mimi siangaliakaka!"

Labda alisimama kwake sekunde kumi, Januari 2025, wakati vita iliingia mu mji na sisi wote tulikuwa tumejifungia tunaangalia simu kujua nani yuko aveni gani. Ilitosha. Mama wa malewa anadhani anahudumia mteja mmoja mwenye tumbo la ajabu, anamuwekea vyote mu sahani moja, na saa moja ya jioni mwenye anakula ni mtoto.

Kuna na miaka. TikTok iko na kinga kwa watoto, watu hawaijui. Tangu Januari 2021 konti ya mtu chini ya miaka 16 inaanza ikiwa imefungwa, mgeni haoni video zake. Chini ya 16 pia hawezi kutumiana ujumbe wa siri. Na tangu 2023 wenye hawajafika 18 wamewekewa dakika 60 kwa siku, zikiisha inaomba kode ndio uendelee. Unaweza kusema ni kidogo, sawa, lakini ipo. Tatizo ni kwamba yote inaangalia mwaka wa kuzaliwa wenye uliandikwa siku ya kufungua konti. Mu simu ya mama, mtoto wa miaka 9 ana miaka 38.

Haya, turudi kwa vokali. Kile baba wa sauti nzito alisikia ni Australia. Bunge lao lilipitisha sheria Novemba 2024, ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025, inakataza mtu chini ya miaka 16 kuwa na konti kwa Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X, YouTube na zingine chache. Kwao. Haifungi konti ya mtoto wa hapa Kyeshero. Amande iko ya kweli na ni kubwa, inaweza kufika milioni 49.5 za dola za Australia, lakini mwenye analipa ni kampuni, mzazi halipi na mtoto halipi. Na WhatsApp haimo mule, juu waliihesabu ni ya kutumiana ujumbe. Kwa hiyo sisi tulitishwa juu ya ile sheria kupitia programu yenye sheria yenyewe haikugusa, nilicheka peke yangu hapa kwa meza.

Sisi tuko na zetu. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, inasema mtoto ni kila mtu hajafika miaka 18, na kode ya numeriki, sheria ya mambo ya mitandao, ya 13 Machi 2023. Mtu mzima mwenye anatengeneza ama anaeneza picha chafu za mtoto anaweza kufuatwa, na asiseme ilikuwa mchezo wa WhatsApp.

Na kufunga tu, kuziba, tuliisha kuona inavyoendaka. Mwanzo wa Februari 2025 X na TikTok zilianza kukwama mu Congo, wiki haikuisha vijana wa kartie wakawa wanafundisha baba zao VPN, programu ya kupita kando ya kizuizi. Hata bila mega (bando la intaneti) mtoto anapata: bluetooth, Xender ya kutumiana faili, ama anaenda kwa ule kijana wa kuweka muziki mu kadi ya memwari, anamlipa, anarudi na video za mwezi mzima, na pale hakuna konti, hakuna miaka, hakuna mashine ya kuzuia kitu.

Ile namba 13 nayo inasumbua watu. Wanadhani kuna daktari alipima ubongo akaona kwa 13 umeiva. Inatoka kwa sheria ya Marekani ya 1998, ilianza kazi 2000 wakati Facebook haijazaliwa, na ilikuwa inahusu habari za mtoto: kampuni isikusanye jina, anwani na mambo mengine ya mtoto chini ya miaka 13 bila mzazi kukubali. Kampuni ziliona kuulizia wazazi wote ni kazi ya kuchosha, zikaandika "chini ya 13 hapana", zikaendelea na biashara. Ni namba ya wanasheria. Mtoto akiwa na 13 na siku moja hapati nguvu yoyote yenye hakuwa nayo jana.

Sasa ubongo. Hauyeyuki. Lakini kuna kitu cha kweli ndani ya lile neno na nitakieleza na chukudu. Kwa wenye hawajafika Goma: chukudu ni kama baiskeli ya mbao bila pedali, inabeba kilo mia kadhaa, viazi, makaa, mbao, na breki yake ni kipande cha kaucu (mpira) kwa gurudumu ya nyuma, unakikanyaga na mguu. Inapanda pole pole na kusukumwa, lakini ikishuka toka Kibumba na mzigo, Mungu asaidie. Ubongo wa mtu wa miaka 12 mpaka 17 ndiyo ule mteremko. Sehemu ya kutaka, ya kutamani vitu vipya, ya kuumia sana marafiki wakikucheka, inaamka mapema, na mzigo wote. Sehemu ya kujizuia, iko nyuma ya paji la uso, inaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Hatuseme chukudu imeharibika, iko vile ilitengenezwa. Ila hutamwambia mtoto "jizuie mwenyewe" halafu umsukume toka juu ya kilima.

Na dopamini, ile vokali inasema ni dawa ya kulevya inatoka mu kioo. Hakuna kitu kinatoka mu kioo. Dopamini unaitengeneza wewe mwenyewe kichwani, hata ukitoka kazi ukasikia harufu ya sambaza toka kwa jirani. Watu wanaiita homoni ya raha lakini kazi yake kubwa ni hamu na kujifunza, inaambia ubongo "ngoja, hapa kunaweza kuwa na kitu". Na inaamka zaidi pale hujui kama utapata ama utakosa. Nenda kaangalie vijana wa parifut, wale wa kubeti mpira, Jumamosi. Mwenye anashinda kila siku angechoka, mwenye anakosa kila siku angeacha, lakini ule wa kukosa, kukosa, kupata, kukosa, huyo unamkuta pale mpaka jioni na viatu vimechakaa. Kushusha video na kidole ni hivyo hivyo, mbili hazina maana, ya tatu unacheka mpaka machozi, ya nne hamna, ya tano hamna. Tena haina mwisho. Ule ukurasa wa kushuka bila kuisha ulitengenezwa 2006 na Mmarekani mmoja, Aza Raskin, na miaka ilipopita mwenyewe alisema anajuta. Sahani inaisha, gazeti linaisha, hata misa ya Pasaka inaisha.

Basi watoto wote wamelewa? Hapana, na hapa naomba mtu asome pole pole. Mwaka 2024 ofisi ya Ulaya ya OMS, Shirika la Afya Duniani, ilitoa hesabu ya vijana karibu 280,000 wa miaka 11, 13 na 15, mu nchi na maeneo 44 ya Ulaya, Asia ya kati na Kanada. Wenye walikuwa na dalili za kushindwa kuachana na mitandao walitoka 7% mu 2018 wakafika 11% mu 2022. Imepanda, ni kweli, na ni ya kuangalia. Lakini 89 kwa mia hawako vile. Na ni watoto wa kule, wa hapa Mabanga hawakuhesabiwa mule.

Halafu kuna ile ya viazi, mimi naipenda. 2019, watafiti wawili wa Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichukua majibu ya vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani wakatafuta: hizi simu na kompyuta na televisheni zinaeleza kiasi gani cha utofauti kati ya kijana mwenye yuko sawa moyoni na mwenye hayuko sawa? Walipata 0.4% kama ni sana. Wakasema ni kidogo karibu sawa na kula viazi. Watu wa Masisi, wenye wanalima viazi, wangeweza kuchukua vibaya. Lakini upande mwingine, 2021, mfanyakazi Frances Haugen alitoka Facebook, wenye Instagram ni yao, na karatasi za ndani, na mu zile karatasi wenyewe walikuwa wameandika kwamba kati ya wasichana wenye walikuwa wanajisikia vibaya juu ya mwili wao, 32% walisema Instagram iliwaongezea. Na 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alionya kwamba vijana wenye wanapitisha zaidi ya saa tatu kwa siku mu mitandao wako na hatari mara mbili ya dalili za huzuni na wasiwasi. Sasa nani anadanganya?

Hakuna mwenye anadanganya, na mtu wa Goma njo angepaswa kuelewa haraka kuliko Mmarekani, juu sisi tuko na mazuku. Mazuku ni ile gesi ya volkano, kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, inatulia mu mabonde na mashimo upande wa Bulengo kuelekea Sake, huioni na hainuki. Mtu mzima anapita pale, kichwa chake kiko juu ya gesi, anaendelea na safari yake anapiga mluzi. Mtoto anainama palepale kuokota kitu, ama mbuzi anainama kula majani, hasimami tena. Mahali pamoja, saa moja, hewa moja. Ukipima hewa ya mji mzima ukaigawa kwa watu wote utapata hatari ndogo ndogo, ya viazi, na ile hesabu itakuwa ya kweli kabisa, na haitamsaidia mtoto mwenye alishuka mu shimo. Wale wa Oxford walipima mji. Zile karatasi za Haugen zilikuwa zinazungumza juu ya shimo moja.

Na kuna kitu cha kuongeza, hesabu haisemi nani alimuanza mwenzake. Mtoto mwenye huzuni anakimbilia simu, simu inamuongezea huzuni, anakimbilia zaidi. Ukiona watu wote na miavuli usiseme miavuli imeleta mvua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "simu ni mbaya ama ni nzuri kwa mtoto" mimi namrudishia: mtoto gani, anakuta nini mule, saa ngapi? Msichana wa miaka 13 anaangalia sura zenye zimepitishwa mu filtre, ngozi haina hata kidoti, pua imepunguzwa, halafu anajiangalia mu kioo cha mama anaona yeye njo ameharibika, huyo yuko karibu na shimo. Wengine wanaanzia pale kwa mafuta ya kujichubua. Na mwingine ni ule mwenye anachekwa ku masomo. Zamani masimango yalikuwa yanaishia kwa mlango wa shule, saa sita na nusu unatoka unapumua. Sasa kuna grupe ya darasa. Niliona mu simu ya kijana mmoja picha ya mwenzake analala darasani mdomo wazi, wameifanya stika, na ile stika imetumika zaidi ya mara arobaini, kila mtu akisema kitu cha kijinga wanamjibu na sura ya ule mtoto. Mwalimu hayumo mu ile grupe. Mzazi hayumo. Yule mtoto wa mdomo wazi, yeye alikuwa mule, anaona zote, na hakutoka, juu ukitoka watasema umekimbia.

Hiyo haina algoritimu yoyote ndani. Ni WhatsApp tu.

Na WhatsApp njo naona inaumiza watoto wa hapa kuliko TikTok, ingawa hakuna mtu ananiletea simu akasema fundi funga WhatsApp. Nani angekubali, pesa, ndugu, kanisa, likelemba (mchango wa kupokezana), vyote viko mule. Simu nyingi zinaingiza picha na video zenyewe mu galeri bila kuuliza. Mtoto anafungua galeri kutafuta picha ya siku yake ya kuzaliwa anakutana na mtu amekatwa. Volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mnakumbuka zile vokali, kila dakika mpya, ziwa Kivu litalipuka, lava iko chini ya mji, kimbieni, msikimbie, na sisi tulikuwa tunazisikiliza mu spika watoto wamekaa hapo kwa mkeka wanatuangalia usoni. Mkubwa anajua vokali moja imepita mu magrupe kumi. Mtoto mdogo anahesabu kumi. Kwake volkano imelipuka mara kumi. Lakini tuseme na upande wa pili, mu zile siku zile zile picha za watoto wenye walipotezana na wazazi njiani zilikuwa zinazunguka mu simu hizi hizi, na ukiwa na mtoto amepotea hutauliza kama mtandao ni mbaya.

Juu ya uzuri sitakaa sana kwa sababu mnaujua. Finalisti wa sekondari wanatumiana mazoezi ya egzeta (mtihani wa serikali) usiku (na kuna wezi wanawauzia maswali ya uongo, hiyo ni habari ya siku ingine). Watoto wenye walitawanyika na vita wanazungumza na binamu zao wako Kampala ama Bujumbura. Mtoto wa dada yangu alijifunza kuchora mu YouTube na sasa anachora kuliko mimi na mwalimu wake pamoja.

Usingizi njo kitu ningeweka mbele ya vyote na hauna makelele mu vokali. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 za kulala, kijana saa 8 mpaka 10. Watu wanauliza juu ya mwangaza wa bluu, wanauziwa miwani. Mwangaza unafanya kidogo, sikatai, lakini kinachokula usingizi zaidi ni saa yenyewe, mtu mwenye yuko macho saa saba ya usiku hajalala, hata awe na miwani ya dhahabu. Na hapa kwetu usiku una mitego yake: umeme unarudi usiku, simu inawekwa kwa chaji kando ya kitanda cha watoto juu njo kuna prize (soketi), forfe (bando) ya usiku iko bei chini, na nyumba imenyamaza. Asubuhi mwalimu anasema mtoto ni mjinga. Kwa wadogo kabisa OMS ilisema 2019: chini ya mwaka mmoja hakuna kioo kabisa, miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku na ikiwa chini ni vizuri zaidi. Sababu kubwa ni kwamba mtoto mwenye amekaa na simu hachezi, hatambai, halali. Najua nyumba zenye mtoto hakubali bui (uji) bila katuni. Hajalaaniwa, alizoezwa, na mwenye alizoezwa anaweza kuzoezwa ingine, jiandae tu na siku nne tano za kilio.

Kitu kimoja kizito halafu niendelee. Kuna watu wanatafuta watoto mu mitandao, wanajifanya kijana mwenzake, wanaomba picha, wakiipata wanaanza kutisha: leta pesa ama leta zingine ama naituma kwa papa yako. Mtoto mwenye anajua akisema atapigwa fimbo na kunyang'anywa simu, hatasema. Atalipa, ataiba kwa mama, atatuma zingine. Ule mtu anategemea fimbo yako kuliko unavyofikiri. Kama ikifika kwenu: msilipe, msifute zile ujumbe juu ni ushahidi, pigeni kwanza picha ya kila kitu halafu muzuieni ule mtu, na mtafute mkubwa mwenye anajua sheria.

Haya, ukiniletea simu nafanya nini? Kufunga TikTok nitakufungia, ni pesa yako, lakini nitakuuliza kwanza nani anaitumia. Kama ni ya mama na mtoto anaomba jioni, nafungua kwa simu sehemu ya mtumiaji wa pili, simu nyingi za Android zinayo, mtoto anaingia mule na YouTube Kids ama na katuni zenye umemuwekea, asiguse ya mama. Nafuta historia ya TikTok ianze upya, na wewe video mbaya ikipita uikandamize na kidole useme haikuvutii, usisimame kuishangaa, unajua sasa nani anahesabu. Mu YouTube nazima ile ya kuendelea yenyewe. Mu WhatsApp nazima kupakua picha na video, hiyo itakuokolea na mega, wazazi wengi hapo njo wanafurahi, ya mtoto wanaisahau. Kijana mwenye ana simu yake, tunaandika mwaka wake wa kweli, hata akinuna, na kama mzazi yuko na TikTok tunaunganisha konti zao mbili. Na usiku simu zote zinachajiwa mu chumba cha wazazi, ya baba pia, hapo njo baba wanaanza kuangalia saa wananiambia watarudi kesho.

Na ukikuja usikuje na simu peke yake. Kuja na mtoto. Mara ya tatu hii mwezi huu mzazi anaweka simu kwa meza, namuomba kode ya kuingilia, anajaribu, anajaribu tena, inakataa, na tunalazimika kupigia mtu nyumbani. "Mwanangu, kode ya telefone yangu ni ngapi?"